Wadhamini wa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejibu hapa ni mtu ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wadhamini wa waombaji kazi. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Anayeomba kazi kwenye shirika la misaada la kimataifa, au aliyefanya kazi Ghuba, aanze na maswali ya 18 na 19.

## Mambo ya msingi

1. Mdhamini wa kazi ni nani?

Ni mtu aliyekuona ukifanya kazi na yuko tayari kumweleza mwajiri mpya alichokiona. Kwenye matangazo ya Tanzania anaitwa mdhamini. Kenya utakuta "mrejelewa". Mara nyingi hutafutwa mwishoni, mwajiri akiwa amebakiza mwombaji mmoja au wawili. CV umeiandika wewe na kwenye usaili umejibu wewe, kwa hiyo mwajiri anataka kusikia habari zako kwa mtu asiye wewe. Anayoulizwa yako kwenye swali la 11.

2. Niwe na wadhamini wangapi?

Fuata tangazo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hapa Tanzania hutaka watatu wa kuaminika. Kampuni binafsi nyingi hutosheka na wawili.

Wewe binafsi weka akiba ya wanne au watano waliokwisha kukubali, kisha uwachague kulingana na kazi unayoomba. Wiki ileile unayohitaji jibu, mmoja atakuwa Hija, mwingine likizo ya uzazi, wa tatu yuko shamba kusiko na mtandao.

3. Niwaandike kwenye CV, au niandike "wadhamini watapatikana wakihitajika"?

Tangazo likitaka majina, yaandike. Lisipoyataka, yaache, na hiyo sentensi ya "watapatikana wakihitajika" nayo iondoe, maana hakuna mwajiri anayedhani hawatapatikana. CV husambaa kuliko unavyofikiri: kwa mawakala, kwenye makundi ya WhatsApp, kwa rafiki wa rafiki aliyeahidi "kukupigia pande". Namba ya bosi wako wa zamani haina sababu ya kuzunguka huko kote.

Ukiwaandika, kila mmoja awe na jina kamili, cheo chake cha sasa, simu, barua pepe, na mstari mmoja ambao waombaji wengi husahau: alikuwa nani kwako na lini. "Msimamizi wangu wa moja kwa moja, 2021 hadi 2023" ni mstari unaoniambia nimpigie nani kwanza.

4. Mdhamini wangu atadaiwa nikiharibu kazi au nikiiba?

Kwa mdhamini tunayemzungumzia hapa, hapana. Anatoa maelezo tu. Hawekei dhamana mali yake. Swali hili si la kijinga, kwa sababu jina ni lilelile linalotumika mahakamani na kwenye mikopo, na wapo watu wazima wenye busara wanaokataa kuandikwa kwa kuogopa kufuatwa na madeni.

Kuna kazi, hasa za kushika fedha au mali (keshia, afisa mikopo, dereva, msambazaji), ambapo mwajiri hutoa fomu ya udhamini ya kusainiwa, yenye picha ya mdhamini, nakala ya kitambulisho cha NIDA na mhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Fomu ya namna hiyo huweza kumfunga mtu kulipa hasara, kwa hiyo asisaini kabla ya kuisoma mstari kwa mstari. Unapomwomba mtu, mwambie mapema ni udhamini wa aina gani.

## Kumchagua

5. Nianze na nani?

Anza na aliyekusimamia moja kwa moja katika kazi yako ya karibuni, au ile inayofanana zaidi na unayoomba. Baada yake, msimamizi wa kazi iliyotangulia, kiongozi wa mradi mliofanya pamoja, mteja mkubwa uliyemhudumia kwa muda mrefu. Mfanyakazi mwenzako wa ngazi moja anafaa kuwa wa tatu, si wa kwanza. Kama unaomba nafasi ya uongozi, mtu uliyewahi kumsimamia wewe ni chaguo zuri ambalo wachache hulifikiria.

Ukikwama kati ya wawili, chukua yule anayeweza kusimulia kisa kimoja cha kazi yako bila kukumbushwa.

6. Namfahamu mkurugenzi mkubwa, au mbunge. Si ataniongezea uzito?

Ataongeza uzito kwenye karatasi mpaka simu ipigwe. Mheshimiwa ana watu wa aina yako mia. Atasema wewe ni kijana mwadilifu kutoka familia nzuri, kisha atakata kwa sababu anaingia kikaoni. Anayechunguza hapo hana la kuandika. Msimamizi wa zamu aliyefanya kazi na wewe mwaka mzima atanipa dakika kumi zenye vitu ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi wazi: jina kubwa lisilohusiana na kazi yako linaweza kusomeka kama kumshinikiza mwajiri. Wengine hulipenda hilo. Wengine huiweka CV kando.

7. Ndugu yangu anaweza kuwa mdhamini?

Hapana, hata kama hamtumii jina moja la ukoo. Kama kweli ulifanya kazi kwenye biashara ya familia, andika kazi hiyo kwenye CV bila aibu, lakini mdhamini awe mhasibu wa nje, mteja, au msambazaji aliyekuwa akikuletea mzigo.

8. Nimemaliza chuo juzi. Sina mwajiri wa zamani.

Una watu zaidi ya unavyodhani. Yule aliyekupokea kwenye mafunzo kwa vitendo na kukusainia daftari lako la kila siku ndiye wa kwanza. Aliyekusimamia utafiti wa mwaka wa mwisho ni wa pili, kwa sababu alikuona ukirekebisha kazi ileile mara nyingi. Kama ulijitolea hospitali au shuleni, au ulipata nafasi ya uanagenzi kupitia TaESA (huduma za ajira za serikali ya Tanzania), aliyekuwa akikupangia kazi anafaa. Hata mwenyekiti wa kamati ya harusi au kikundi cha vijana cha kanisani au msikitini anakubalika, ikiwa ulishika hesabu na anaweza kueleza ulizishikaje.

Mhadhiri aliyekufundisha kwenye ukumbi wa wanafunzi mia nne hakukumbuki. Akikubali kwa upole, atasoma alama zako tu, na alama mwajiri tayari anazo.

9. Mimi ni fundi, dereva, au dada wa kazi za nyumbani. Sijawahi kuwa na ofisi.

Wateja na mabosi wako ndio wadhamini wako. Fundi aweke wateja wawili ambao kazi yake bado inaonekana kwao: geti, kabati, mfumo wa maji. Dereva atafute mwenye gari aliyekuwa akimkabidhi hesabu. Anayefanya kazi za nyumbani amwombe mama mwenye nyumba siku anayoondoka kwa amani, asisubiri miaka miwili ipite na namba zibadilike. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye tarehe na aina ya kazi, uliotumwa wakati huohuo, ni bora kuliko barua iliyotafutwa baadaye kwa kuhangaika.

Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inathibitisha unaishi wapi na kwamba unajulikana. Haithibitishi kwamba unajua kazi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

## Kumwomba na kumwandaa

10. Namwombaje bila kuonekana msumbufu?

Omba kabla ya kuandika jina lake, si baada. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza mimi kama yule kijana bado yuko Mwanza. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, nazo zimeufanya mtindo wa kugawa namba za watu bila ridhaa yao uwe zaidi ya utovu wa adabu.

Mpigie kama mna mazoea. La sivyo andika ujumbe. Huu unatosha:

"Shikamoo mama. Natumaini wewe na familia hamjambo. Ni mimi (jina), niliyekuwa karani wa stoo chini yako mwaka 2021 hadi 2023. Nimeomba kazi ya usimamizi wa ghala kwenye kampuni ya kusambaza dawa, na wanataka mtu aliyewahi kunisimamia. Je, unaona una mazuri ya kusema kuhusu kazi yangu, na uko radhi wakupigie? Kama majukumu yamekubana nitaelewa kabisa, nitamwomba mwingine. Ukiridhia nitakutumia tangazo na CV yangu."

Angalia sentensi inayouliza kama ana mazuri ya kusema, na ile inayompa mlango wa kutokea. Kwetu mtu hakatai usoni. Atasema "hamna shida, wanipigie tu" hata kama ana kinyongo na wewe tangu ule mwezi wa ukaguzi. Mpe njia ya kukataa kwa heshima. Akisitasita, akijibu baada ya wiki, au akisema "tutaona", mshukuru na umwache.

11. Wanamuuliza nini, na nimwandae vipi?

Maswali hayabadiliki sana: unamfahamu kwa namna gani na tangu lini, alikuwa akifanya nini hasa, alifanya vizuri nini, alihitaji kuboresha nini, mahudhurio yake, alivyoelewana na wenzake, kwa nini aliondoka. La mwisho ndilo zito: ungemwajiri tena? Kinachosikilizwa hapo si jibu peke yake, ni muda unaopita kabla ya jibu.

Hivi ndivyo simu ya mdhamini asiyeandaliwa inavyokwenda:

"Unamfahamu huyu?"
"Ndiyo, kijana mzuri sana."
"Alikuwa na majukumu gani kwenu?"
"Alikuwa pale ofisini… anasaidiasaidia."

Hiyo "anasaidiasaidia" imeondoa watu wazuri kwenye orodha. Aliyeandaliwa anasema hivi: "Nilimkabidhi stoo ambayo daftari lake halikuwa limelinganishwa na mzigo kwa miezi. Alihesabu rafu kwa rafu, tukajua kipi kipo na kipi kimepotea. Udhaifu wake ulikuwa kuchelewa kuomba msaada, nikamwambia, akajirekebisha." Mtu huyu anasifu na kukosoa, na sifa zake zinaaminika kwa sababu ya ule ukosoaji.

Kumwandaa si kumkaririsha. Mtumie tangazo la kazi, CV uliyoiwasilisha (ileile, si ya zamani), jina la kampuni itakayopiga, na mambo mawili au matatu mliyofanya pamoja yanayogusa kazi hiyo. Mwambie pia ulivyoeleza sababu ya kuondoka, ili mkinzano usitokee kwa bahati mbaya. Tarehe zikague pamoja naye: wewe umeandika Machi, yeye anakumbuka Julai, na mimi huku najiuliza miezi minne ulikuwa wapi.

12. Mdhamini wangu hapokei namba asizozijua.

Ana haki. Kati ya wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kampuni za mikopo ya mtandaoni zinazomsumbua mtu kwa deni la jirani yake, watu wengi wameacha kupokea. Mara usaili unapoisha, mwulize mwajiri atapiga lini na kwa namba gani au barua pepe ipi, kisha mtaarifu mdhamini siku hiyohiyo. Kama mwajiri hatoi namba, mwombe amtangulizie mdhamini ujumbe mfupi wa kujitambulisha.

Piga namba ya kila mdhamini mwenyewe kabla ya kuituma. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kugawiwa mtu mwingine, na huyo mwingine hana wajibu wa kukusifu.

13. Barua pepe ya kazini au binafsi?

Ya kazini, kama bado anafanya kazi hapo, kwa sababu mwajiri huitumia kuhakikisha kwamba mtu ni yeye. Kama amestaafu au amehama, ya binafsi inakubalika, ila eleza hivyo kwenye orodha.

14. Ameniambia "andika wewe barua, mimi nitasaini". Nifanyeje?

Hili hutokea sana, na mara nyingi si dharau; ana shughuli tu. Usiandike barua nzima ya kujisifu, kwa kuwa itafanana kwa lugha na barua yako ya maombi na msomaji makini ataiona. Mpe nukta: tarehe, majukumu, matokeo yenye namba, jambo moja ulilojifunza kwake. Mwombe aziweke kwa maneno yake, hata kwa sauti ya WhatsApp ambayo katibu wake ataiandika. Akisisitiza uandike, andika ukurasa mmoja usio na chumvi, na hakikisha ameusoma kabla ya kusaini. Siku akipigiwa simu aulizwe kuhusu barua yake mwenyewe, awe anajua kilichomo.

## Hali ngumu

15. Bado niko kazini na bosi hajui kwamba natafuta.

Sema hivyo wazi. Fomu nyingi, zikiwemo za mashirika ya kimataifa, zina swali la kama unapinga mwajiri wako wa sasa aulizwe. Jibu kwamba aulizwe baada tu ya kupewa ofa. Hakuna afisa wa maana anayeliona hilo kuwa kasoro. Tumia msimamizi wa zamani, au mkuu aliyehama kutoka hapo ulipo na anakujua vizuri. Tahadhari na mwenzako wa meza ya pili: siri ya kutafuta kazi haidumu ofisini, hasa kwenye miji ambayo kila mtu kwenye fani anamjua mwenzake.

16. Niligombana na bosi wangu wa mwisho, au niliachishwa kazi.

Huna lazima ya kumwandika yeye. Mtafute mtu mwingine wa hapohapo aliyekuona: mkuu wa idara jirani, mkaguzi, msimamizi aliyekutangulia. Lakini jua kwamba mwajiri anaweza kumpigia hata usipomwandika, kwa hiyo usidanganye kuhusu sababu ya kuondoka. Eleza kwa sentensi mbili, bila kumsema vibaya.

Kama ugomvi umepoa, mpigie. "Najua hatukuachana vizuri. Ukiulizwa kuhusu mimi, utasema nini?" Swali hilo ni gumu kulitamka, lakini jibu lake mara nyingi ni la haki kuliko tulivyohofia, na hata likiwa baya umeshalijua.

17. Kampuni imefungwa, bosi amefariki, au mwajiri anakataa kusema lolote.

Hapa ndipo karatasi zinapofaa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka hivyohivyo kwa aliyefanya kazi angalau wiki nne mfululizo: jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kuacha, aina ya kazi na mahali. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa maelezo kuhusu tabia au utendaji wako. Cheti ni haki yako, sifa si haki. Kidai kabla hujakabidhi funguo.

Kampuni ikiwa imekufa, watu wake bado wapo. Andika "aliyekuwa meneja wa (kampuni), sasa imefungwa" na namba yake ya sasa, uambatishe cheti, mkataba au hati ya mshahara. Baadhi ya kampuni kubwa zina kanuni ya kuthibitisha tarehe na cheo tu kupitia ofisi ya rasilimali watu. Usilitafsiri hilo kama ishara mbaya, waajiri wanalijua. Ongeza mdhamini mmoja anayeweza kusema zaidi.

18. Naomba kazi kwenye shirika la misaada la kimataifa. Kuna tofauti?

Ipo. Mbali na wadhamini uliowataja, mashirika mengi sasa yamejiunga na mpango wa pamoja ulioanza mwaka 2019, ambapo mwajiri mpya huwauliza rasmi waajiri wako wa angalau miaka mitano iliyopita kama uliwahi kupatikana na hatia ya unyanyasaji au udhalilishaji wa kingono, au kama uliondoka uchunguzi ukiendelea. Hii huenda ofisi kwa ofisi na rafiki yako wa zamani hahusiki. Toa idhini inapoombwa, na uwe na anwani sahihi za ofisi za rasilimali watu za kila ulikopita.

Maulizo yenyewe huja kama fomu ya barua pepe, mara nyingi kwa Kiingereza na yenye siku ya mwisho. Mtahadharishe mdhamini wako aangalie hata kwenye kapu la barua taka.

19. Nilifanya kazi Ghuba. Mwajiri wa huko atanisaidiaje?

Chukua karatasi kabla ya kupanda ndege. Ukishafika nyumbani kumpata ni bahati. Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamtaka mwajiri akupe cheti cha uzoefu bila malipo ukikiomba. Wafanyakazi wa majumbani huko hawamo kwenye sheria hiyo, wana yao ya mwaka 2022, kwa hiyo omba barua hata hivyo, yenye tarehe, kazi na namba ya simu yenye msimbo wa nchi. Kama mwajiri hasemi Kiingereza wala Kiswahili, mwambie mwajiri mpya mapema ili atafute wa kutafsiri.

20. Rafiki yangu anaweza kujifanya bosi wangu kwenye simu?

Anaweza, na wengi hunaswa kirahisi. Tunapiga simu ya mezani ya ofisi, tunatafuta jina kwenye LinkedIn, tunauliza jambo dogo kama lango la kuingilia liko upande gani. Tanzania imeshaona mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipoibua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine wakiwa na miaka mingi kazini. Udanganyifu wa mdhamini ukigundulika baada ya kuajiriwa, unakuwa sababu ya kukuondoa, na mara hii sababu ya kuondoka itakuwa ngumu zaidi kuieleza (swali la 16).

21. Nimetakiwa kulipa "ada ya uhakiki wa wadhamini".

Usilipe. Gharama za kumchunguza mwombaji ni za mwajiri. Anayekuomba elfu thelathini kwa simu ili "faili lako lisogee" hana kazi ya kukupa, na huenda sasa ana namba za wadhamini wako pia. Wataarifu.

22. Walipigiwa, kisha nikanyimwa kazi. Kuna aliyeniangusha?

Huenda, lakini mara nyingi mwenzako alikuwa bora tu. Kama limekutokea zaidi ya mara moja katika hatua hiyohiyo, mbadilishe mdhamini wa kwanza na uone. Unaweza pia kumwuliza mwenyewe kwa upole: "Walikuuliza nini ambacho hukuwa na uhakika nacho?" Mara nyingi utagundua aliulizwa kuhusu programu ya kompyuta ambayo hujawahi kumwambia kwamba umejifunza.

23. Nikipata kazi, nimpe mdhamini chochote?

Mpe taarifa. Wadhamini wengi hulalamika kwamba walipigiwa, wakasema vizuri, kisha kimya mpaka mtu alipohitaji kuandikwa tena. Mpigie siku uliyopata jibu, hata likiwa la kukosa. Usimpe fedha, na kama ni mtumishi wa umma usimpe hata kidogo. Kilo ya korosho ukitoka Mtwara haina ubaya, ilimradi ofa imeshasainiwa.